Ala ya Kushoto

Wanangu mnaoanza kazi ya kukereza vyuma, ipo herufi moja ambayo ulimi wangu umeikataa tangu nizaliwe. Ni ile inayokaa kati ya Q na S. Nikiiandika inatoka vizuri. Nikiitamka inatoka "ala". Nimekereza vyuma hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, nimepima vitu vya unene wa nusu ya unywele, lakini herufi hiyo imenishinda kama inavyowashinda ndugu zangu wengi Wasukuma. Iliwahi hata kuniletea aibu kutoka Dar es Salaam, ikiwa imefungwa ndani ya boksi. Nitafika huko. Kwanza nizungumze kazi, maana najua wengine mnasoma huku mkijiuliza huyu bibi anajua nini kuhusu mashine za kompyuta.

Kukereza ni kukizungusha chuma na kukisogezea kisu mpaka kipate umbo unalolitaka. Mashine niliyojifunzia mimi ilijua njia mbili tu: kisu kwenda pembeni kufuata urefu wa chuma, na kisu kuingia ndani kufuata unene. Gurudumu moja kwa kila mkono, basi. Mashine mnazozikuta nyinyi zinajua njia tano na zaidi. Kisu kinapanda na kushuka. Kichwa kinachoshika kisu kinainama kama shingo ya mnandi anayetafuta samaki. Chuma chenyewe kinaweza kusimama ghafla mahali palepale ulipokiagiza, kikatobolewa tundu, kisha kikaendelea kuzunguka. Mkiniuliza kama naikumbuka ile ya zamani kwa machozi, hapana. Ilinikata kidole na kunitia mafuta kwenye kila nguo niliyowahi kuipenda. Mashine mpya ni nzuri. Lakini chuma ni kilekile, na kisu bado ni kisu.

Mimi niliingia karakana kwa mlango wa takataka. Baba alifariki, mwaka uliofuata mama akamfuata, nami nilikuwa sijamaliza darasa la saba. Nyuma yangu walikuwapo wanne, wa mwisho wakiwa mapacha, Kulwa na Doto. Shule nikaiacha, maana hapakuwa na mwingine wa kuiacha. Asubuhi tulikunywa uji mweupe. Kulwa aliunywa kimya. Doto, aliyekuwa na miaka minne, aliunusa, akauliza, "Dada, sukari iko wapi?" Kila asubuhi. Nami kila asubuhi nikamjibu, "Inakuja."

Karakana ilihitaji mtu wa kufagia maganda ya chuma yanayodondoka chini ya mashine na kuyatenganisha, ya shaba pipa lake, ya chuma cha kawaida pipa lake. Nikaomba. Fundi mkuu alikuwa Mzee Masalu, Msukuma kama mimi, tena ulimi wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Wiki ya kwanza alinikuta nakusanya maganda kwa koleo bila kuyatazama. Akanishika bega.

"Binti, unafagia nini?"

"Takataka, mzee. Shikamoo."

"Malahaba. Hiyo si takataka. Hiyo ni balua."

"Barua?" Nami nilijitahidi, ikatoka "balua" vilevile, kwa hiyo tukaelewana.

"Chuma kimekuandikia balua, wewe unaitupa pipani. Soma kwanza."

Ndivyo nilivyoianza elimu yangu ya pili. Ganda fupi lililojikunja kama namba tisa: kisu kina raha. Ganda refu lisilokatika, linalojizungusha kama uzi wa kitenge kilichochanika: mwendo ni mdogo, au kisu kimechoka, na usipoangalia litakunyonga mkono. Ganda la bluu iliyoiva: joto ni kubwa, lakini afadhali joto hilo limetoka na ganda kuliko kubaki kwenye chuma. Ganda lenye kingo za meno meno: kuna kitu kinatetemeka, tafuta ni nini kabla hujaharibu. Nilikuwa nayasoma maganda kabla sijaruhusiwa kugusa mashine. Nikifagia chini ya mashine ya fundi fulani, nilijua ameamka vibaya.

Nilipokuja kuruhusiwa, nilifanya kosa ambalo nyote mtalifanya, kwa hiyo lifanyeni mapema mkiwa na bati imara juu. Ule ufunguo wa kukazia taya, zile zinazokishika chuma, niliusahau palepale kwenye taya nikawasha mashine. Ufunguo uliruka, ukatoboa bati, ukatua kwenye sufuria la maharage la mama lishe aliyekuwa akipika nyuma ya karakana. Kisha tukasikia sauti ya yule mama: "Nani amenirudishia chuma ambacho sikuazima?"

Mzee Masalu hakunigombeza. Alinituma niende kuomba ufunguo, nikala na sahani ya maharage hayo mbele ya yule mama hadi nikaimaliza. Tangu siku hiyo ufunguo haukutoka mkononi mwangu ukiwa kwenye taya. Mkono uachie ufunguo mezani tu. Mashine za sasa zinakataa kuwaka mlango ukiwa wazi, na mnaziona zina kiburi. Zingekuwapo wakati wangu, maharage yale yangeliwa kwa amani.

Sasa hii mashine mpya. Bosi wetu, Bwana Harish, ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza, na Kisukuma anakijua kuliko wajukuu zangu. Kila asubuhi alipita kwenye mashine zote akisalimu, "Mwangaluka, mwangaluka," kama mtemi. Mwaka mmoja kabla sijastaafu alileta mashine ya njia tano, na kijana wa kuiongoza, Deo, Mhaya wa Bukoba aliyetoka chuo cha ufundi. Deo ni hodari na anajua kwamba ni hodari. Siku ya kwanza alivaa shati jeupe karakana.

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo shati limekuja kufanya nini?"

"Mama, mashine hii haichafui mtu."

Saa sita alikuwa na mstari wa mafuta mgongoni kuanzia bega hadi kiunoni, na hakuna aliyemwambia hadi jioni. Mimi nilitaka kumwambia. Wenzangu walinizuia.

Lakini ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikuwahi kulijua, nami nataka mlijue. Ni kuhusu kukata kipande, pale unapokitenganisha kitu ulichokikereza na chuma kilichobaki. Kisu cha kazi hiyo ni chembamba kama rula, nacho hunyooshwa kuelekea kwenye chuma. Kikitoka mbali kinatetemeka, kinapiga kelele, kinavunjika. Nimevunja vingi. Deo akanionyesha jinsi mashine mpya inavyoweza kukiingiza kisu hicho kutoka chini kwenda juu, jino lake likiwa limegeuzwa, ili uzito wote wa kukata ushuke kufuata urefu wa kisu badala ya kukikunja.

Alianza kunichorea mishale na hesabu. Nikamzuia.

"Ngoja. Ndoo ya maji. Ukiishika mkono ukiwa umenyooshwa mbele, mkono unatetemeka. Ukiiweka kichwani, unatembea nayo kutoka ziwani hadi nyumbani unapiga soga."

Deo akatazama mchoro wake, akanitazama mimi. "Ndiyo hiyo hiyo, Mama."

"Basi futa hesabu. Umenieleza."

Nikaomba nijaribu mwenyewe. Kisu kilipita kwenye chuma kinene kama mkono wangu bila hata kukohoa. Nilifurahi, nikaona na uchungu kidogo, nikifikiria visu vyote nilivyovunja kwa kunyoosha ndoo mbele.

Aibu ya boksi ilinipata mwaka huohuo. Mashine mpya hutumia meno madogo magumu yanayofungwa kwa skrubu kwenye mshikio, na kila mshikio una jina refu la herufi na namba. Herufi ya mwishoni ndiyo inayosema mkono. R ni wa kulia, ambao hukata ukielekea kwenye taya, na ndio tunaoutumia karibu kila siku. L ni wa kushoto, hukata ukitoka kwenye taya kurudi mkiani, yaani ncha ya pili ya mashine. Mshikio wetu wa kulia ulikuwa umeharibika, na Deo alikuwa amekwenda Bukoba kumzika babu yake. Nikachukua simu, nikapiga duka la vipuri Dar es Salaam.

"Haya mama, nisomee," akasema kijana wa dukani.

Nikasoma moja moja, kwa makini, hadi mwisho. "Na ya mwisho ni ala."

"Ala gani tena, mama? Ala si ndizo tunazouza?"

"Ni herufi! Ya mwisho! Ala!"

"Aah. Eli."

"Ala."

"Ndiyo mama yangu, eli. Nimekupata. Inapanda basi kesho."

Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa. Boksi lilipofika, Deo alikuwa amerudi. Akalifungua, akageuza mshikio huku na huku, kisha akauliza taratibu, "Mama, uliagiza nini?"

"Wa kulia."

"Mama, hebu sema rafiki."

"Lafiki."

"Sema reli."

"Leli."

"Haya, sema lori."

"Roli!"

Karakana nzima ilikaa chini kwa kucheka. Hata Bwana Harish alitoka ofisini kuuliza kimetokea nini, akaambiwa, akafuta machozi kwa leso. "Kabula," akaniambia, "mimi Mhindi nasema R, wewe mwenye nchi inakushinda?" Duka lilikataa kuupokea tena, wakisema walituma kile kilichoagizwa. Deo akachukua kalamu nene ya wino, akaandika juu ya boksi kwa herufi kubwa, ALA, akalitia kwenye droo ya chini kabisa. Nikaitwa Mama Ala hadi siku niliyostaafu. Nilikwenda nyumbani kwangu Butimba, nikajua boksi lile litazikwa drooni humo.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja, Doto alinipigia. Yule mwenye uji mweupe sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na ndiye nahodha wa boti inayobeba wagonjwa kutoka visiwani kuja hospitali. Propela ilikuwa imegonga jiwe, shafti inayoizungusha ikapinda. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu pale Kirumba. Nilijua hayo, na nilijua karakana yangu ya zamani ndiyo inayotengeneza shafti mpya.

"Dada, wameharibu mbili," akasema.

"Mbili?"

"Walileta fimbo tatu za chuma kisichoshika kutu. Mbili zimekufa. Imebaki moja. Nyingine kutoka Dar wanasema wiki tatu, kama wanasema kweli."

"Na wagonjwa?"

"Jana mama mjamzito kavushwa kwa mtumbwi. Watu wawili wanapiga kasia, wawili wanakumba maji, mvua inawanyeshea."

"Kafika?"

"Kafika. Wa kesho ndiye simjui."

Nikavaa viatu vyangu vya kazi. Vilikuwa na utando wa buibui.

Deo nilimkuta amekaa kwenye kreti mbele ya mashine, na hakuwa na shati jeupe. "Shikamoo Mama."

"Malahaba. Umeua ngapi?"

"Mbili." Hakujitetea, na hapo nikampenda zaidi. Bwana Harish alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, hata mwangaluka yake ilitoka kwa sauti ndogo.

Fimbo ilikuwa na urefu zaidi ya mita moja, na ilitakiwa ibaki na unene wa milimita thelathini na tano. Ukiishika upande mmoja kwa taya na upande mwingine kwa ncha ya mkiani, katikati inabaki peke yake, kama kamba ya kuanikia nguo. Mshikizi wa katikati tuliokuwa nao ulikuwa wa fimbo nene, haukufaa.

"Nionyeshe balua," nikasema.

Alijua maana yake. Maganda ya kila shafti alikuwa ameyaweka kwenye ndoo yake, kwa sababu nilimfundisha hivyo. Nikavaa miwani, nikachuchumaa.

Shafti ya kwanza aliikereza kwa njia ya kawaida, kisu kikienda kuelekea kwenye taya. Maganda yake yalianza manene, yakawa membamba, yakarudi manene. Shafti yenyewe nayo ilisema hivyo hivyo: ncha zake sawa, katikati nene, kama chatu aliyemeza mbuzi. Fimbo ilikuwa inakikimbia kisu.

Ya pili aliikereza kwa njia mpya, na hapa msikilize vizuri. Ipo njia ambayo kisu huanzia kwenye taya na kukata kikirudi mkiani, kikiwa kimelazwa kwa pembe ndogo. Ganda linatoka jembamba na pana, joto linasambaa, jino halichoki haraka, na mwendo unaweza kuongezwa hata mara mbili. Deo alikuwa ameitumia kwa vipande vifupi vinene vya pampu, na niliviona vipande hivyo: kazi safi, iliyomalizika kabla chai haijapoa. Sikuidharau njia hiyo wala siidharau leo. Lakini kwenye shafti ya pili maganda yalikuwa na meno meno kila ukingo, na chuma kilikuwa na mawimbi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Ililia?" nikauliza.

"Kama filimbi ya refa."

Nikakaa kwenye kreti lake. Nilimkumbuka Mzee Masalu, mchana mmoja aliponikuta nahangaika na fimbo nyembamba kama hiyo. Alichukua waya, akauweka mezani. "Sukuma," akaniambia. Nikausukuma, ukajikunja. "Sasa vuta." Nikauvuta, ukanyooka. Akacheka sana. "Wewe Msukuma kweri, kira kitu unasukuma. Hii vuta!"

Nikachukua waya, nikamfanyia Deo vilevile. Akausukuma, ukajikunja; akauvuta, ukanyooka.

"Ile ya pili mwelekeo ulikuwa sawa," nikamwambia. "Kisu kikitoka kwenye taya kwenda mkiani, kinaivuta fimbo, inanyooka. Ulichokosea ni kukilaza. Kisu kilicholala kinaisukuma fimbo tumboni. Kitu kifupi kinene kina tumbo gumu, kinavumilia. Huyu ni mwembamba. Msimamishie kisu wima, nguvu yote ifuate fimbo ilivyonyooka."

"Kichwa cha mashine kinaweza kuinama hivyo," akasema, na macho yakaanza kurudi. "Ila kisu changu hakifiki pembe hiyo kikiwa kinarudi. Nitageuza mshikio wa kulia juu chini, nizungushe fimbo kinyume..."

"Kwa nini ujitese? Tunao wa kushoto."

"Hatuna, Mama. Hatujawahi kuagiza wa ku..."

Akaacha kinywa wazi. Kisha akainama, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa boksi lenye vumbi. ALA. Bwana Harish alianza kucheka akiwa bado na wasiwasi, kicheko kikatoka kama kikohozi.

Nikawapa na mambo mengine mawili ya Mzee Masalu. La kwanza, usiikabe fimbo ndefu kwenye taya kwa urefu mkubwa, maana taya zikiwa zimekaa upande hata kidogo, zinaipinda kabla hujaanza. Zungusha pete ya waya kwenye fimbo, taya zikamate juu ya hiyo pete, fimbo ijitafutie mstari wake yenyewe.

"Mama, kitabu cha mashine hakisemi habari za waya."

"Kitabu hakimjui Doto."

La pili, chuma kikipata joto kinarefuka, na kama ncha ya mkiani imekiziba, kitatafuta pa kwenda, kitapinda. Zamani nilisimama pale na kulegeza kwa mkono kila baada ya muda, nikikisia. Deo aliandika namba kwenye skrini, ncha ikawa inasukuma kwa nguvu ndogo isiyobadilika na kurudi yenyewe kadiri fimbo inavyorefuka. Namba moja! Nilimwomba anionyeshe mara mbili, kwa kuifurahia tu.

Akachimba mfereji mdogo karibu na taya, hapo kisu kianzie safari. Akafunga mlango wa mashine. Bwana Harish akasogea.

"Kabula, una hakika?"

"Ninayo."

Sikusema hivyo kumfurahisha. Nilikuwa nimesoma ndoo mbili za barua, na zote zilisema jambo moja.

Mashine ikaanza. Niliweka kiganja kwenye mwili wake, nje, karibu na dirisha. Hiyo ndiyo simu yangu mimi. Maganda ya kwanza yalidondoka: mafupi, yamejikunja, rangi ya nyasi kavu, namba tisa zimepangana. Deo alikuwa amesimama wima, kidole karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha.

Kisu kilipokaribia katikati, kiganja changu kikapata mtetemo mdogo, kama wa simu iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Kisha sauti. Nyembamba, inapanda. Deo naye aliisikia. Kidole kikaenda.

"Usisimamishe!"

"Mama, inalia!"

"Ukisimamisha kisu kitaacha kovu, na shafti imekufa. Punguza mzunguko. Punguza kidogo tu. Mpaka isahau wimbo."

Mkono wake ukatoka kwenye kitufe ukaenda kwenye kirungu cha mwendo. Akapunguza. Sauti ikashuka. Akapunguza tena. Ikakatika, ikabaki ile ngurumo ya kawaida ya kazi, na maganda yakaendelea kudondoka kama namba tisa. Fimbo nyembamba ina mwendo wake ambao ukiugusa inaanza kuimba. Huna haja ya kupigana nayo, unatoka tu kwenye mwendo huo.

Tulirudia safari, kila mara kina kidogo, hadi tukafika kwenye kipimo. Kabla hajaitoa, Deo alichukua maikromita akapima upande wa taya, katikati, na upande wa mkia, akisoma kwa sauti. Namba zilikuwa zilezile mahali pote patatu. Akapima katikati tena, kama mtu asiyeamini amepokea salamu.

"Kwa hiyo leo Wasukuma mmevuta," akasema.

"Na Mhaya kakaa kimya kwa saa nzima. Lipi kubwa?"

Bwana Harish akashika mikono yangu miwili bila kujali mafuta. Deo akaihifadhi ile kazi kwenye kumbukumbu ya mashine ili siku nyingine isitafutwe kwa kubahatisha, na mashine ikamwuliza aipe jina gani. Aliandika herufi tatu, na ninyi mnajua ni zipi.

Nasikia sasa mkifika kwenye karakana ile mnaikuta kazi yenye jina hilo na mnauliza maana yake. Mmoja aliambiwa ni kifupi cha maneno ya Kijerumani. Si Kijerumani. Na msiitumie kwa kila chuma eti kwa sababu imewahi kufaulu. Kifupi kinene, kilazieni kisu, mkimbie nacho. Kirefu chembamba, kisimamishieni, mkivute. Katikati ya hivyo viwili mtajiuliza wenyewe, na jibu litakuwa sakafuni.

Siku ya pili yake shafti ilifungwa, boti ikarudishwa majini. Doto akaniita nipande. Tulitoka taratibu mbele ya Kirumba, tukapita mawe, kisha akaongeza mwendo. Kwenye boti ile, zamani, hukuweza kukaa karibu na injini bila meno kugongana. Doto alimimina chai kwenye kikombe cha bati mpaka ukingoni, akakiweka juu ya kifuniko cha injini.

"Dada, angalia."

Niliangalia. Chai ilijikunyata katikati ya kikombe, ikatulia. Hakuna tone lililovuka ukingo. Mbele yetu kisiwa kilikuwa kinakua, na kwenye gati dogo niliona watu wamesimama wakitungojea, mmoja amekalishwa kwenye kiti cha plastiki na kufunikwa kanga.

"Inywe kabla hatujafika," Doto akasema. "Nikishapakia wagonjwa sitakuwa na nafasi."

Nikakichukua kwa mikono miwili. Ilikuwa na sukari nyingi mno, sukari ya mtu aliyeingoja sana. Daktari amenikataza. Niliinywa yote.